Wiki Sita Bwenini: Utangulizi

Mwezi Mei au Juni, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wanapofunga mizigo na kurudi makwao, mabweni yao hayakai matupu kwa muda mrefu. Wiki chache baadaye huingia wageni wengine: vijana wa miaka 13 hadi 18, baadhi wakisindikizwa na wazazi, baadhi wametoka mbali peke yao. Watakaa hapo wiki 3, 4 au 6. Watakula kwenye bwalo la chuo, watagawana vyumba na watu wasiowajua, na kutwa nzima watasoma mambo ambayo shuleni kwao hayafundishwi kabisa, au hufundishwa miaka kadhaa baadaye. Katika programu nyingi kati ya hizi hakuna alama wala nafasi ya kwanza darasani. Hata hivyo zile mashuhuri hupokea maombi mengi kupita nafasi zilizopo, na waliopita humo huzikumbuka mpaka uzeeni.

Kurasa hizi ni kwa ajili ya anayeanza kuzichunguza programu hizo. Pengine ni mwalimu wa sekondari mwenye mwanafunzi anayemaliza kitabu cha mwaka mzima ndani ya mwezi mmoja, na hajui amfanyie nini. Pengine ni mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, au mzazi aliyeletewa fomu ya maombi na binti yake na sasa anajiuliza kama kuna maana ya kumruhusu. Wote karibuni. Utafiti wa eneo hili haujajaza rafu nyingi za maktaba, na wengi walioujenga walikuwa walimu waliofanya kazi kwanza, wakaandika baadaye. Mgeni anaweza kuyasoma maandiko ya msingi kwa muda mfupi na kuanza kuuliza maswali yake mwenyewe mapema kuliko katika matawi mengine ya elimu.

Nina hoja moja ninayoitetea tangu mwanzo, nanyi mtaipima. Bweni ndiyo nyenzo kuu ya kufundishia ya programu hizi. Anayesoma mitaala yao tu, akayachukulia malazi kuwa suala la vitanda na chakula, ataelewa nusu ya habari na kushindwa kueleza kwa nini wiki chache humbadilisha kijana kuliko miaka mingi ya darasani.

Tuanze na Arnold Ross. Alizaliwa Chicago mwaka 1906, akalelewa Odessa, akarudi Marekani akiwa kijana na kusomea hisabati Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1957, akifundisha Chuo Kikuu cha Notre Dame jimboni Indiana, aliwafungulia wanafunzi wa sekondari masomo ya kiangazi ambayo awali yaliwalenga walimu. Wengi hudhani programu za namna hii zilizaliwa na hofu ya Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti. Lakini Sputnik ilirushwa Oktoba 4 mwaka huo, wakati vijana wa kwanza wa Ross walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Hofu ile ilileta fedha: mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharamia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na serikali ikaanza kuwatafuta watoto wenye vipaji vya sayansi kwa bidii isiyowahi kuonekana. Wazo lenyewe lilikuwapo kabla. Ross alipohamia Chuo Kikuu cha Ohio State, programu nayo ikahamia huko mwaka 1964, na aliendelea kuisimamia hadi alipovuka umri wa miaka 90. Alifariki mwaka 2002.

Aliwafundisha nini? Somo moja tu, nadharia ya namba, kwa kiangazi kizima. Aliwataka vijana wafikiri kwa kina juu ya mambo sahili, na ili kuona maana ya agizo hilo ni lazima tuchukue karatasi na kalamu.

Chukua namba 7. Anza na 3, kisha izidishe kwa 3 tena na tena, na kila mara andika baki tu baada ya kugawanya kwa 7. Utapata 3, 2, 6, 4, 5, 1, halafu mzunguko unaanza upya. Hatua 6 mpaka kufika 1. Sasa fanya vivyo hivyo kwa 2: utapata 2, 4, 1. Hatua 3. Kwa 6 utapata 6, 1. Hatua 2. Kijana makini atatazama hizo 6, 3 na 2 na kuona kwamba zote huigawanya 6 bila baki, na 6 ni moja pungufu ya 7. Je, ni bahati tu? Ajaribu 11. Kwa 3 mabaki ni 3, 9, 5, 4, 1, yaani hatua 5. Kwa 2 anahitaji hatua 10. Kwa 10 hatua 2. Zote huigawanya 10. Hapo moyo huanza kwenda mbio. Anajaribu 12, na mambo yanaharibika: 5 inafika 1 kwa hatua 2, lakini 2 inatoa 2, 4, 8, 4, 8, na kuendelea hivyo bila kuifikia 1 kamwe. Kwa nini 7 na 11 zinatii na 12 inakataa?

Mwalimu wa kawaida angeandika kanuni ya Pierre de Fermat ubaoni, ile ya mwaka 1640, akatoa mifano miwili na kusonga mbele. Ingechukua dakika tano. Katika programu ya Ross kijana huachwa nayo kwa siku kadhaa. Anakusanya mifano na kubashiri kanuni. Akipewa dai lisilo sahihi, anatakiwa kulivunja, kisha aokoe lolote linaloweza kuokolewa ndani yake. Akiona amepata uthibitisho, anauandika na kuukabidhi kwa mlezi wake, mwanafunzi wa chuo aliyewahi kupita programu hiyohiyo na anayelala bweni lilelile. Karatasi hurudi ikiwa na alama za kalamu pale ambapo mwandishi aliruka hatua akidhani hakuna atakayeona. Huandikwa upya. Kijana ambaye shuleni kwao hajawahi kurudishiwa kazi hata mara moja hujikuta akirudishiwa ukurasa uleule mara kadhaa. Nimezungumza na watu wengi waliopita katika masomo ya aina hii, na wachache sana hukumbuka somo la kwanza walilolielewa. Wanachokumbuka ni ukurasa uliorudishwa.

Watoto wa mti wa Ross wameenea. Mwaka 1989 Glenn Stevens na wenzake, waliowahi kuwa wanafunzi wa Ross, walianzisha PROMYS Chuo Kikuu cha Boston, wiki 6 za nadharia ya namba kwa mtindo uleule, na baadaye ikapata tawi Oxford. Hampshire College ilikuwa na programu yake tangu 1971 chini ya David Kelly. Yeyote anayetaka kuchunguza jinsi desturi za kufundisha zinavyorithishwa, wanafunzi wakirudi kuwa walezi na walezi wakaja kuwa waanzilishi, ana ukoo mzima wa kufuatilia hapa, na wahusika wake wengi wako hai.

Mzizi wa pili uko Baltimore. Kiangazi cha 1968 mtoto wa miaka 12 aitwaye Joseph Bates alikuwa akisoma kozi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alikuwa amewapita wenzake na anawasaidia wakubwa. Mwalimu wake alimweleza mwanasaikolojia Julian Stanley habari zake. Stanley akampa mtihani wa SAT, ule wanaofanya vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaotaka kuingia chuo, na matokeo yakawa ya kustaajabisha. Mwaka 1969 Bates akaingia Johns Hopkins akiwa na miaka 13.

Stanley alikuwa mtaalamu wa vipimo, akaona hapo jambo ambalo wengine hawakuliona. Mtihani wa darasa la saba ukiwapa watoto kumi alama 100 kila mmoja, umeshindwa kututofautishia hao kumi. Huenda mmoja amefika ukingoni mwa uwezo wake na mwingine angeweza kuendelea miaka minne mbele. Wape mtihani wa watu wazima nao watatawanyika, kila mmoja mahali pake. Kwa wazo hilo alianzisha mwaka 1971 utafiti wa vijana wenye uwezo mkubwa wa hisabati, mwaka 1972 akaanza kuwasaka kwa wingi, na mwaka 1979 kikaundwa kituo cha Johns Hopkins ambacho leo kinajulikana kwa kifupi kama CTY. Vyuo vya Duke na Northwestern vilifuata nyayo katika miaka ya mwanzo ya 1980. Programu za bweni za CTY zilijengwa juu ya kozi za wiki 3, na kwa mtindo wake wa awali kijana aliweza kumaliza aljebra ya mwaka mzima katika wiki hizo. Stanley alifariki mwaka 2005, lakini Camilla Benbow na David Lubinski wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt wameendelea kuwafuatilia watu wapatao 5,000 kwa miongo mingi, tangu utotoni hadi utu uzima.

Msomaji ameshaona tofauti. Ross alimzuia kijana asonge mbele mpaka achimbe alipo. Stanley aliona kwamba kumzuia mtoto aliyekwisha kuelewa ni kumdhulumu, akamfungulia njia akimbie. Ubishi huu kati ya kina na kasi ndio uti wa mgongo wa uwanja huu, na kila programu mpya huuamua kwa namna yake, hata pale waanzilishi wake hawajawahi kusikia jina la Ross wala la Stanley. Mimi naegemea upande wa Ross. Nimeona vijana waliopitishwa haraka katika vitabu vingi wakafika chuo wakiwa na majina ya kanuni mdomoni na mikono mitupu wanapopewa tatizo lisilofanana na mifano. Lakini haki ni haki: Stanley aliwatazama watoto ambao mfumo wa shule ulikuwa unawaua kwa uchovu, na alileta kitu ambacho Ross hakukileta, yaani wingi. Ross alipokea makumi. Mfumo wa Stanley umewafikia watoto wengi mno.

Katika miaka ya mwanzo ya Ross, upande wa pili wa dunia kulikuwa na kazi ya namna hiyohiyo. Mwaka 1962 mwanahisabati Mikhail Lavrentyev aliwaita washindi wa mashindano ya Siberia nzima kwenye shule ya kiangazi katika mji wa wanasayansi karibu na Novosibirsk. Mwaka uliofuata likafunguliwa hapo bweni la kudumu la fizikia na hisabati, na Andrei Kolmogorov akafanya la kwake Moscow. Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, aliwapeleka vijana matembezi marefu porini na kuwapigia muziki jioni. Kwa macho ya afisa wa fedha hayo ni mapambo. Nadhani Kolmogorov alijua kwamba mwalimu anayeonekana ubaoni tu hawezi kumfundisha kijana jinsi mtu anavyoishi na swali.

Si hisabati peke yake. Tangu mwaka 1954 chama cha Telluride, kilichoundwa mwaka 1911 na tajiri wa umeme aitwaye L. L. Nunn, kimekuwa kikiwakusanya vijana kusoma fasihi, historia na falsafa kwa wiki kadhaa bila malipo. Vijana wenyewe huendesha nyumba yao: hukaa vikao, hugawana kazi na kuamua jinsi ya kuishi pamoja. North Carolina ilianzisha mwaka 1963, chini ya gavana Terry Sanford, shule ya kiangazi ya jimbo katika Salem College, isiyotoa alama. Na tangu 1984 iko ile inayoitwa RSI, iliyoasisiwa kwa juhudi za Admeri Hyman Rickover na Joann DiGennaro, ambayo sasa hufanyika MIT. Hiyo humweka kijana chini ya mtafiti halisi na kumtaka aandike na kuwasilisha utafiti wake kabla wiki 6 hazijaisha. Nayo haitozi ada.

Sasa turudi kwenye bweni.

Mwaka 1988 watafiti Laurence Coleman na Tracy Cross waliandika juu ya mazungumzo yao na vijana wenye vipaji. Waliyoyasikia yataeleweka kwa mwalimu yeyote. Vijana hawa huutambua upesi mtazamo wa wenzao na hujifunza kujificha. Mmoja hujifanya hakusoma, mwingine hunyamaza wakati anajua jibu, mwingine hugeuka mchekeshaji wa darasa ili akili yake isamehewe. Kazi ya kujificha hula nguvu nyingi. Programu ya kiangazi huiondoa kazi hiyo kwa ghafla. Kijana anasema sentensi ambayo kwao ingeleta kicheko, na aliyeketi mkabala anamjibu, tena anambishia. Jambo hilo halitokei saa nne asubuhi ukumbini. Hutokea usiku kwenye korido, watu wameketi sakafuni, mmoja ameshika mswaki na mwingine anaandika kwenye kisanduku cha biskuti kwa sababu daftari limebaki chumbani. Walezi wanawahimiza wakalale, nao wanaomba dakika kumi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa. Bweni ni jambo gani? Wengi wetu tumelala kwenye dabo deka tangu kidato cha kwanza, wengine tangu darasa la nne. Ni kweli, na hapa ndipo wenzetu wa huku wanaotaka kuanzisha programu za namna hii huteleza. Bweni letu la sekondari tunalijua: kengele alfajiri, usafi, foleni ya uji, na usiku prepo ya kimya, kila mtu na daftari lake, kiranja akizungukia madawati kuzuia minong'ono. Bweni la kiangazi limepangwa kinyume na prepo. Kelele za ubishi ndizo zinazotakiwa. Anayenakili Ross kwa kuongeza vipindi na kuimarisha kimya atakuwa amejenga kambi ya kitaaluma, ile tunayoifahamu kabla ya mitihani ya taifa, ambayo ina kazi yake halali, lakini ni kitu kingine. Kambi ya kitaaluma humsaidia mtoto kujibu maswali ambayo mtu mwingine ameshayatunga. Programu tunazozizungumzia zinataka aondoke na swali lake.

Kuna madhara pia, nayo yasifichwe. Watafiti Herbert Marsh na John Parker walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto hujipima kwa kuwatazama walio karibu naye: akiwekwa kati ya wenye uwezo mkubwa, imani yake juu ya uwezo wake mwenyewe inaweza kushuka ingawa hajapungukiwa chochote. Matokeo hayo yamepatikana tena katika nchi nyingi. Kijana aliyekuwa wa kwanza wilaya nzima anafika bwenini na kujikuta wa katikati, labda wa mwisho. Wengine hukomaa kwa pigo hilo na wengine huvunjika. Programu nzuri hulijua hilo kabla mtoto hajafika. Kutotoa alama ni sehemu ya dawa. Sehemu nyingine ni mlezi wa miaka 19 ambaye naye alikuwa wa mwisho kiangazi chake, na yuko tayari kusema hivyo.

Swali la nani achaguliwe ni gumu zaidi. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Stanford alianza kuwafuatilia watoto wapatao 1,500 aliowateua kwa vipimo vya akili. Kati ya watoto waliopimwa na kuachwa walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Hakuna hata mmoja kati ya walioteuliwa aliyeipata tuzo hiyo. Anayeunda mchujo wa aina yoyote na aiweke habari hiyo mezani kwake. Kipimo huona kile kilichotengenezwa kukiona. Programu za Ross na PROMYS hutuma matatizo magumu nyumbani, bila muda wa kukimbizana, na kusoma jinsi mwombaji alivyopambana nayo, hata pale aliposhindwa. Nauona mchujo huo kuwa wa haki kuliko wa saa mbili, ingawa nao humtaka mtoto awe na meza, taa, intaneti, na mtu wa kumwambia kwamba programu kama hiyo ipo.

Na fedha. Programu nyingi za Marekani hutoza maelfu ya dola kwa kiangazi kimoja, na ingawa kuna ufadhili, familia nyingi huiona bei zikaacha kusoma ukurasa unaofuata. Tena kuna biashara iliyoota pembeni: kampuni hukodi madarasa na mabweni ya chuo chenye jina kubwa, huweka picha ya mnara wa chuo kwenye kipeperushi, na mzazi huamini mtoto amechaguliwa na chuo chenyewe. Kulala katika chumba cha chuo hakumpi mtu udahili. Mzazi aliyetumiwa fomu aulize kwanza nani anafundisha, nani anachagua, na kama kuna wanaohudhuria bila kulipa. RSI na Telluride zimeonyesha kwa miongo mingi kwamba programu ya kiwango cha juu kabisa inaweza kuendeshwa bila ada.

Je, zinafanya kazi? Hapa mgeni atakutana na tatizo kuu la kiutafiti. Waliohudhuria hufanikiwa sana baadaye, orodha zao zinavutia, na waendeshaji hupenda kuzichapisha. Lakini watoto hao walikuwa na uwezo na bidii kabla hawajafika, na wengi wana wazazi waliosoma. Huwezi kuwalinganisha na kijana yeyote wa mtaani ukasema kiangazi ndicho kilichowafikisha. Njia safi ni kura: wachukue waombaji wote wanaostahili, na kwa kuwa nafasi hazitoshi, bahati iamue nani aende na nani abaki. Baada ya hapo tofauti yoyote ni ya programu. Sarah Cohodes, Helen Ho na Silvia Robles walichapisha mwaka 2022 utafiti wa namna hiyo juu ya programu za kiangazi za sayansi na uhandisi katika chuo kimoja mashuhuri cha Marekani, zilizolenga vijana wa makundi yasiyo na uwakilishi wa kutosha katika fani hizo. Waliopata nafasi walikwenda kusoma vyuo vyenye ubora zaidi na kuhitimu shahada za sayansi kwa wingi zaidi kuliko wale ambao kura haikuwaangukia. Namshauri kila mwanafunzi wangu auanze uwanja huu na makala hiyo. Inathibitisha jambo ambalo walimu walilijua kwa macho, na inatuachia kazi ya kujua ni sehemu gani ya programu iliyofanya kazi: mihadhara, marafiki, walezi, au kule kutambua tu kwamba chuo kama kile kinawezekana.

Huku kwetu mifano si mingi, lakini iko, na inastahili kuchunguzwa kwa uzito. Mwaka 2011 Jelani Nelson, mwanasayansi wa kompyuta ambaye leo ni profesa Berkeley, alianzisha AddisCoder mjini Addis Ababa: wiki 4 za kuandika programu za kompyuta na nadharia yake, kwa wanafunzi wa sekondari kutoka sehemu mbalimbali za Ethiopia, bila malipo. Mwaka huohuo wa 2011 Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, kiliandaa kambi yake ya kwanza ya hisabati kwa wanafunzi wa sekondari. Hiyo hudumu wiki moja. Vijana hushughulika na siri za maandishi, michezo ya mikakati, takwimu na michoro ya kompyuta, na wanaowafundisha ni pamoja na wanafunzi wa chuo. Waasisi wake hawakuiweka kwa ajili ya wateule wachache, na kwa maoni yangu hilo ni fundisho kwa wale wanaodhani ubora lazima uanze na mlango mwembamba. Tanzania ina mila ya muda mrefu ya kuwachagua wenye vipaji kwa mwaka mzima, katika shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora. Waliopita humo watakuambia mengi juu ya ushindani na undugu wa mabwenini. Kwa mtafiti huo ni ulimwengu mzima wa ulinganisho ambao bado haujaguswa ipasavyo: shule ileile, vijana walewale, lakini mtihani wa taifa uko mbele yao. Je, mazungumzo ya usiku hubadilika vipi mtihani unapoondolewa?

Kuna jambo la kalenda ambalo ningependa mtu alichukue. Mtanzania anayemaliza kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, hupata matokeo Januari, na huripoti kidato cha tano mwezi Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Wenye uwezo huwalipia watoto wao tuisheni ya kuwatanguliza katika masomo ya kidato cha tano. Wengine hushinda dukani au shambani, au husubiri tu. Ni muda mrefu kuliko kiangazi chote cha Marekani, na unamkuta kijana katika umri uleule ambao Ross aliupenda, wa miaka 16 au 17, akiwa hana mtihani wowote unaomkimbiza. Sijui umri mwingine katika safari ya shule ya Mtanzania ambapo ubongo wake uko huru namna hiyo. Ugumu ni kwamba vyuo vikuu vyetu navyo viko katikati ya mihula miezi hiyo, na vyumba vimejaa. Atakayeanzisha programu itabidi atafute bweni kwingine, chuo cha ualimu kilichofunga au sekondari iliyo likizo, kisha awapeleke huko wahadhiri na wanafunzi wa chuo wa kuwa walezi. Chuo kikuu hapo kitakuwa watu wake, na majengo yatakuwa ya wengine.

Na yule atakayefanya hivyo namwomba jambo moja kwa ajili yetu watafiti, kabla hajatangaza nafasi. Aandike majina ya wote waliostahili, apige kura mbele ya mashahidi, na ayatunze majina ya waliokosa kwa uangalifu uleule wa majina ya waliopata. Awatafute wote miaka mitano baadaye, na aanze na wale ambao hawakulala bwenini.